Picha Huisha Mkononi mwa Mwenyewe

Ndugu wawezeshaji, na ninyi vijana mnaojifunza kazi hii ya darasa la picha kwa walionusurika vita ili mkaifundishe wenzenu kambini na mitaani, karibuni.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Walilisema kwa utani, juu ya mtu anayekodolea vya wenzake. Kwa aliyepita vitani msemo huo una uzito mwingine: macho yake yaliona asivyochagua kuviona, wala hakupata cha kuyafunikia. Kamera, yenyewe, ina pazia. Aliyewahi kufungua kamera ya lenzi za kubadilisha amelikuta: vipande viwili vyembamba mbele ya kitambuzi cha mwanga, kimoja kinafunguka, cha pili kinakifuata kufunga, na katikati imepita sehemu ya 125 ya sekunde. Anayeishika ndiye anayeamua lifunguke lini, mbele ya nini. Nimetanguliza hilo kwa kuwa ndilo tunalofundisha. Mambo ya betri, vumbi na karatasi nitakayoyasema leo ni njia ya kulifikia.

Tuondoe na dhana moja mapema. Kupiga picha si tiba. Mtu asiyelala wiki nzima, anayerudiwa na ndoto zile zile, anayesema hataki kuishi, huyo anapelekwa kwa mhudumu wa afya ya akili siku hiyo hiyo, na kamera itamsubiri. Kazi ya darasa la picha ni ndogo kuliko hiyo, lakini haidharauliki: linampa mtu sababu ya kutoka nyumbani kesho, na jirani wa kumsubiri arudi na picha yake.

Wengi mnaijua habari ya Mohamed Amin, Mkenya aliyeanzisha Camerapix hapa nchini, Dar es Salaam, mwaka 1963, na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia ya 1984 ziliamsha dunia. Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Fundi wake wa sauti, John Mathai, alifariki, na Amin akapoteza mkono wa kushoto. Alitengenezewa wa bandia, akarudi kazini, akaifanya kazi hiyo mpaka alipofariki kwenye ajali ya ndege huko Komoro, Novemba 1996. Mwingereza Giles Duley alikanyaga bomu Afghanistan Februari 2011, akapoteza miguu miwili na mkono mmoja. Mwaka uliofuata alikuwa Kabul tena, hospitalini, akipiga picha majeruhi wenzake.

Habari hizi hutajwa sana kwenye madarasa yetu, na naona zinatumika vibaya. Hao walikuwa wapiga picha kabla hawajaumia, kwa hiyo walikuwa na kazi ya kurudia. Kijana aliyezaliwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi ya mkoani Kigoma iliyofunguliwa mwaka 1996, hana pa kurudia. Ukimwambia "mtazame Amin", umempa mlima wala hujampa ngazi.

Mfano unaotufaa zaidi uko jirani, Imbabazi, karibu na Gisenyi. Rosamond Carr, Mmarekani aliyeishi Rwanda tangu miaka ya 1950, alifungua kituo hicho cha yatima Desemba 1994 katika shamba lake la pareto, ndani ya jengo lililokuwa la kukaushia maua. Mwaka 2000 mpiga picha David Jiranek akawapa watoto kamera za kutumia mara moja, zile za boksi la karatasi. Watoto walipigana picha wao kwa wao, wakapiga na maisha yao ya kila siku. Hawakuagizwa kupiga picha za mauaji ya kimbari. Na kamera ile haikuwa na skrini wala nafasi ya kufuta. Ina picha ishirini na kitu, zikiisha zimeisha, kwa hiyo mtoto anasimama, anatazama, ndipo anabonyeza.

Ubahili huo tuurudishe hata kama leo tunatumia simu. Kila mwanafunzi apige picha 24 kwa kipindi, basi. Akimaliza zote dakika kumi za mwanzo, akae aone wenzake wakitafuta. Wiki ijayo hatarudia.

Sasa hesabu. Darasa zuri lina watu 12 na kamera 6, wawili wawili. Kamera 12 kwa watu 12 ni kosa la wafadhili wenye huruma: kila mtu anajifungia na yake, hakuna anayeshikia mwenzake karatasi ya kurudishia mwanga, hakuna anayesema "sogea kidogo". Waliofiwa na kutawanyika wanahitaji kusogezwa kidogo na mtu. Vipindi viwili kwa wiki, saa mbili kila kimoja, wiki 8: jumla vipindi 16. Kila kipindi kila mtu anachagua picha moja ya kuchapishwa, na kila picha inatoka nakala mbili, moja ya mpiga, moja ya aliyepigwa. 12 mara 16 ni 192. Mara mbili ni 384. Printa ndogo za kuchapa kwa joto, saizi ya sentimita 10 kwa 15, huuziwa pakiti ya karatasi 108 pamoja na wino wake. Nunua nne, zinakuwa 432, na 48 za ziada zitaliwa na umeme unaokatika katikati ya kuchapa. Fedha ya karatasi itengwe kabla ya fedha ya kamera. Miradi mingi hufia hapa: kamera nzuri kabatini, na hakuna mtu kijijini mwenye picha ukutani.

Kwa nini printa ya joto badala ya ile ya wino wa maji? Ile ya wino wa maji ni nafuu kununua, lakini karatasi yake isipokuwa nzuri picha huvuja ikiguswa na mkono wenye jasho, na ukutani kwenye jua inapauka. Ya joto humalizia kwa kupaka tabaka jembamba la kinga juu ya picha. Ikimwagikiwa chai unapangusa.

Wiki mbili za kwanza hakuna kupiga watu. Hapo wanafunzi watanuna, waacheni wanune. Mpe mtu sufuria, kandambili au mti mmoja, aupige mara 12 bila kuugusa: akihama yeye, akichuchumaa, akingoja wingu lipite. Zoezi la pili ni kivuli: tafuta kivuli chako saa tatu na saa kumi na moja, piga vyote viwili, linganisha. Mazoezi haya yanaonekana ya kitoto, lakini yana sababu. Aliyeishi kwenye hatari macho yake yamefundishwa kulinda mlango, mikono ya watu, kelele za nyuma. Ni macho makali kweli kweli. Wengi wao huona kitu kidogo kabla ya mwalimu. Ukiyatuma yakatafute mwanga unaopita kwenye tundu la bati, yanafanya kazi ile ile wanayoijua, ila safari hii hayatafuti adui.

Niseme kuhusu mwanga wetu, maana vitabu vingi vimeandikwa kwa jua la mbali. Hapa karibu na ikweta jua halichelewi kupanda. Nawe angalia saa ya mahali ulipo: Kigoma linachomoza karibu na saa moja asubuhi na kuzama karibu na saa moja jioni, upande wa Kongo, Goma, kwa saa zao ni karibu na kumi na mbili. Mwongozo unaosema "piga kabla ya saa mbili asubuhi" unampa mtu wa Goma saa mbili nzima, wa Kigoma saa moja tu. Hesabuni kutoka machweo na macheo, msihesabu kutoka mshale wa saa. Saa moja na nusu baada ya kuchomoza, na saa moja na nusu kabla ya kuzama, ndizo za kazi za nje. Katikati ya mchana macho ya mtu yanakuwa mashimo meusi. Mwingize mlangoni: asimame hatua moja ndani ya kizingiti akitazama nje, nawe uwe nje, mgongo wako kwenye uwazi. Hiyo ni studio, haina kodi.

Anayetumia kamera ya kurekebisha kwa mkono akariri kitu kimoja: jua kali, ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) 100, tundu la lenzi f/16, shata, yaani lile pazia, 1/125 ya sekunde. Kivulini penye uwazi fungua hatua tatu, yaani f/5.6. Watoto wakicheza mpira, shata isipungue 1/500, na ISO ipande kadiri inavyohitajika. Chembechembe kwenye picha zinasameheka, mguu uliofutika hausameheki.

Uso mweusi na kamera vina ugomvi wa zamani. Filamu za rangi kwa miaka mingi zilisawazishwa kwa kadi zenye picha za wanawake weupe, na hata leo mashine nyingi hutafuta wastani wa mwanga wa fremu nzima, hazijui nani ni mgeni wa heshima. Ukimsimamisha mama mweusi mbele ya anga jeupe, kamera inaliona anga, inapunguza mwanga, mama anakuwa kivuli. Tafuta alama ya kuongeza na kupunguza mwanga, panda hadi +1. Kinyume chake, uso mweusi ukijaza fremu nzima kamera inadhani kuna giza, inaongeza, na ngozi inatoka ya kijivu kama iliyopakwa majivu. Shuka hadi -0.7. Kwenye simu, gusa uso kwenye skrini, kisha telezesha kidole juu au chini. Mtu aliyezoea kuonekana kama doa jeusi kwenye picha za misaada akijiona na ngozi yake mwenyewe, na mng'ao wake kwenye shavu, hukaa kimya kwanza. Usimharakishe.

Halafu ardhi. Goma imekaa juu ya mawe meusi ya Nyiragongo, mlima wa volkano uliolipuka Januari 2002 na tena Mei 2021. Ardhi nyeusi inameza mwanga, hairudishi kitu chini ya kidevu. Kule mwenzako ashike karatasi nyeupe ya manila usawa wa kiuno, iinamishwe mpaka uone kimwanga kidogo ndani ya macho ya anayepigwa. Kakuma, kambi ya kaskazini mwa Kenya, ni kinyume: mchanga mkavu unarudisha mwanga kupita kiasi, na anayetazama chini tu uso wake unang'aa. Huko manila iacheni nyumbani. Kakuma pia ina vumbi, na vumbi ndilo huua lenzi. Usibadilishe lenzi nje. Usipulize kwa mdomo, mate yanabaki. Tumia pampu ya mpira. Usifute kwa tisheti, chembe ya mchanga inachora kioo. Na picha za simu zenye ukungu, kabla hujalaumu simu, tazama lenzi: nusu ya ukungu huo ni mafuta ya vidole na ya mandazi. Kipande cha pamba safi mfukoni kinamaliza neno.

Kuanzia wiki ya tatu wanaingia mikono ya watu: anayesuka, anayechambua maharage, fundi baiskeli. Mikono kwanza, nyuso baadaye. Wiki ya tano ndipo nyuso.

Hapa pana hatari, nami nitakaa hapa kidogo. Watu husema neno kupiga ndilo linalotisha. Sidhani. Kiswahili kinapiga kila kitu: simu, pasi, deki, magoti, hodi. Kinachotisha ni chombo kirefu cheusi kinachonyanyuliwa ghafla hadi usoni na mtu aliyefumba jicho moja. Aliyewahi kuelekezewa bunduki mwili wake unajibu kabla hajafikiri. Kwa hiyo lenzi ndefu hazina kazi kwenye darasa hili. Kamera ianzie kifuani, wazi. Mpe aishike, apige yeye kwanza picha moja, hata yako. Zima mlio wa shata. Flashi marufuku, hasa usiku.

Mtu akianza kutetemeka au akiganda, acheni kupiga. Usimuulize "nini kilikupata". Mketishe, mpe maji, mwambie ataje vitu vitano anavyoviona mbele yake, polepole, kwa majina: ndoo, mti, kuku. Akitaka kusimulia atasimulia mwenyewe siku yake. Asipotaka, picha zake za kuku zinatosha. Mwalimu anayewaagiza wanafunzi "leo pigeni picha ya maumivu yenu" anatafuta maonyesho ya kupeleka Ulaya, na gharama inalipwa na mtoto usiku.

Ruhusa huombwa mara tatu: kabla ya kupiga, baada ya mwenyewe kuiona, na tena kabla ya kuitundika au kuituma. Yoyote kati ya hizo akisema hapana, picha inafutwa mbele yake. Na semeni kwa sauti, kila mara: picha hii haitaleta kadi ya chakula, wala haitaharakisha safari ya kwenda Marekani. "Ndiyo" ya mtu anayedhani kamera ni msaada haihesabiki. Kwa vibali vya kambini, huku Tanzania mamlaka ni Wizara ya Mambo ya Ndani. Barua iwepo mkononi mwa kila jozi, siyo ofisini. Askari, vizuizi, madaraja na viwanja vya ndege haviguswi.

Simu nayo ina mdomo mpana. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, zima mahali. La sivyo kila picha inabeba namba za eneo ilipopigwa. WhatsApp ikituma kama picha huziondoa namba hizo, lakini ukituma kama faili zinakwenda nazo. Kwa aliyetoroka kundi la wapiganaji, kufunika uso kwa ukungu hakutoshi: shati, kovu, namba ya nyumba mlangoni vinamtaja. Mpige akiwa kivuli dhidi ya mwanga, au piga viatu vyake.

Jioni ya kuchagua picha ina maswali yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Yunnan, China, Caroline Wang na Mary Ann Burris waliwapa kamera wanawake wa vijijini, wakazaa njia ambayo baadaye ilienea duniani. Maswali yanayofundishwa kwenye njia hiyo kwa lugha yetu yanakuwa hivi: unaona nini hapa? Kinatokea nini hasa? Kinahusianaje na maisha yetu? Kwa nini hali iko hivi? Tufanye nini? Mimi kwa darasa la walionusurika ningesimama kwenye mawili ya mwanzo kwa mwezi mzima. Swali la "kwa nini" likija mapema linawarudisha kwenye vita na kabila, na chumba kinagawanyika.

Maonyesho si lazima yawe na fremu. Kamba ya kuanikia, vibanio vya nguo, ukuta wa zahanati au wa mashine ya kusaga. Urefu wa mita 1.45 kutoka chini kwa watu wazima, na kamba ya pili mita 1 kwa watoto. Jioni ya mwisho kila aliyepigwa anabanua ya kwake na kwenda nayo.

Kisha kazi. Darasa likiisha, wanaobaki na kamera ni wale wenye wateja, na mteja wa kwanza ni picha ya pasipoti. Saizi ya milimita 35 kwa 45: kwenye karatasi moja ya 10 kwa 15 zinaingia nane, nne kwa safu mbili, na pembeni pa kukatia. Uliza ofisi husika inataka kitambaa cha bluu au cheupe kabla hujabonyeza. Gulu, kaskazini mwa Uganda, watu waliotoka kwenye miaka ya vita vya waasi wa LRA walihitaji picha za vitambulisho kwa kila jambo. Studio moja ilikuwa na kamera ya kutoa nne kwa mpigo, lakini mteja wa moja alipigwa picha nzima ameketi, uso ukatobolewa kwa mashine, akapewa huo uso. Mabaki yakarundikana: watu wameketi, mikono mapajani, pa kichwa dirisha jeupe. Mwitalia Martina Bacigalupo aliyakusanya, yakazunguka kwenye maonyesho ya nje. Ofisi ilitaka uso tu, lakini tazama walivyoketi, walivyopanga mikono. Kwa hiyo anayekuja kwako kwa pasipoti, mpige na moja nzima, na mikono yake, na kanga aliyoichagua asubuhi. Ile ndiyo itakayotundikwa, na ndiyo itakayomleta dada yake Jumamosi.

Mteja wa pili anakuja kimya zaidi, ameshika kitu ndani ya mfuko wa nailoni: picha moja iliyokunjwa, ya mama, ya mume, ya nyumba ya Uvira. Baada ya 1994 Msalaba Mwekundu na UNICEF walitundika picha za watoto waliopotezana na wazazi kwenye mbao za kambi za Goma ili watambuliwe. Nguvu ya karatasi ndogo yenye uso watu wa eneo hili hawahitaji kuelezwa. Kunakili picha kama hiyo ni kazi ya dakika kumi ukijua. Ilaze juu ya kitambaa cheusi kisichong'aa, kando ya dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja. Usiinyooshe kwa nguvu. Mikunjo ya zamani hupasuka rangi. Kamera iwe juu yake sambamba kabisa, shata 1/125 au zaidi, bila flashi. Mng'ao ukionekana, zungusha picha, usizungushe kamera. Ukiwa na skana, weka nukta 600 kwa inchi. Iliyoshikana na kioo cha fremu usiibandue, ipige ikiwa juu ya kioo. Usimrembe marehemu, usiondoe kovu. Futa madoa ya maji tu, na hata hayo uulize. Toa nakala mbili, moja akabidhiwe ndugu anayeishi nyumba nyingine. Faili iwe mahali patatu: kadi, diski moja kwako, diski nyingine nje ya kambi. Asilia irudi kwa mwenyewe siku hiyo hiyo. Usiilaze kwako hata usiku mmoja, hata akikuambia hakuna shida.

Ni saa kumi na moja na nusu, jua limeanza kulegea. Chukueni kamera, wawili wawili, na manila moja kila jozi. Picha 24. Na futeni lenzi, mmetoka kula mandazi.